Aliyeshika Sifuri

Mbwa ndiye aliyekata tamaa wa kwanza. Alikuwa amekizunguka kile kilima kuliko askari wote, pua chini, mkia juu, na sasa alirudi kwenye kivuli cha gari, akajilaza, akamtazama bwana wake kana kwamba anamwambia: baba, hapa hapana mtu, tusichoshane.

Inspekta alimwona. Akavua kofia, akajifuta jasho kwa mkono wa shati. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Kituoni vijana walimwita Shangazi, kwanza nyuma ya mgongo wake, halafu usoni, halafu hata mahabusu wakazoea.

"Sajini, mbwa anasema nini?"

"Anaomba uhamisho, Shangazi."

Sajini alikuwa pande la mtu. Tangu alfajiri alikuwa akipenya vichaka vya miiba kwa kifua, na shati lake lilikuwa limebaki shati kwa heshima tu.

Waliyekuwa wakimtafuta alikuwa mpimaji wa Idara ya Mambo ya Kale. Kazi yake ilikuwa kutembea. Hupita maporini na mashambani akitafuta magofu, makaburi ya kale na visima vilivyosahauliwa, akavipima, akaviandikisha kabla trekta halijavifikia. Jumatatu asubuhi aliaga kwake akaondoka na pikipiki ya ofisi. Hakurudi. Sasa ilikuwa Alhamisi, jua la utosi. Pikipiki ilikutwa kwenye machimbo ya mawe chini ya kilima hiki, imeegeshwa vizuri, imefungwa usukani, na mwenyewe hayupo.

Redio ya gari ikakoroma. Mkuu wa kituo.

"Inspekta, bado unaota jua?"

"Bado natafuta, mkuu."

"Huyo kakimbia. Magofu mawili aliyoyapima mwaka huu yameibiwa mawe ya nakshi, kuta zimeng'olewa kama meno. Nani alijua yalipo? Yeye. Kala, kashiba, kaondoka. Jioni nawataka vijana wangu, kesho kuna mkutano wa hadhara na sina watu."

"Mpaka jioni, basi."

"Mpaka jioni. Na mbwa pia."

Mke wa mpimaji alikuwa amekaa juu ya jiwe, hatua chache kutoka kwenye gari, na maneno yote aliyasikia. Alikuwa muuguzi wa hospitali, bado amevaa sare ya kazini, na miguuni pake alikuwa na mkoba wenye chupa za maji ya kutundika. Wenzake walimwita Nesi, na askari nao wakamwita hivyo hivyo. Hakulia. Inspekta angependa alie kidogo, maana asiyelia huwa anahesabu.

"Afande," Nesi alisema, "nitakwambia kitu, na tafadhali usinipe pole."

"Sema, binti."

"Mtu akikaa kwenye jua hili bila maji, leo ndiyo mwisho. Kesho mtakuwa mnatafuta maiti. Kama mna akili mliyoiweka akiba, itumieni leo."

Inspekta akachuchumaa mbele yake. "Mumeo anapofika mahali papya, kitu cha kwanza anafanya nini?"

"Anapigilia kigingi. Cha mti, na msumari kichwani. Vipimo vyote vinaanzia hapo."

"Kila mahali?"

"Afande, hata uani kwetu kuna kigingi. Alipima banda la kuku. Banda letu la kuku lina ramani nzuri kuliko hospitali ninayofanyia kazi." Mdomo wake ulitaka kucheka, ukashindwa. "Hata tukienda msibani, anatafuta kwanza kaskazini ni wapi ndipo atoe pole."

"Sajini! Mmeona kigingi?"

"Kigingi gani?"

"Chochote kilichopigiliwa ardhini na binadamu."

"Hapa hata binadamu mwenyewe sidhani kama alishawahi kufika, Shangazi. Mawe na kinyesi cha mbuzi, basi."

Inspekta akainuka. Akateremka mpaka ilipokuwa pikipiki, akainama chini ya bawa la gurudumu, akachokoa kwa ufunguo. Tope kavu likaanguka kiganjani mwake, jekundu kama tofali. Akatazama machimbo, akatazama kilima, akatazama viatu vyake. Vyote vilikuwa vyeupe, kama vimemwagiwa unga.

"Nani alituambia ni kilima hiki?" aliuliza aliporudi, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Wino," Nesi alisema. "Mchoraji wa ofisini kwao. Ndiye aliyejua peke yake."

"Kwa nini peke yake? Ofisi nzima, mtu mmoja?"

"Ndiyo desturi yao. Mahali papya hapaandikwi popote mpaka papimwe pakamilike, kwa sababu karatasi huibwa. Lakini mpimaji lazima amwambie mtu mmoja kwa mdomo, nyoka akimuuma ajulikane alipo. Yeye siku zote humwambia Wino."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mke. Mke haambiwi. Anasema nina ndugu wengi." Safari hii alicheka kweli, na kicheko kilikuwa kibaya kukisikia.

Inspekta akamgeukia Sajini. "Wewe baki na vijana, zungukeni mpaka mtakapoitwa. Nesi, ingia garini."

*

Ofisi ya Mambo ya Kale ilikuwa bohari zamani, na bado ilinuka magunia. Rafu zilipanda mpaka darini, zimejaa masanduku ya vigae vya vyungu, kila sanduku na kikaratasi chake. Kando ya dirisha palikuwa na meza kubwa iliyoinama, na mezani penseli zimepangwa kwa urefu kama wanafunzi mstarini.

Wino alisimama. Mtu mwembamba, vidole vyeusi, macho yamevimba.

"Karibu, Inspekta. Viti vyetu ni vya kale kama kazi yetu, kaa kwa uangalifu." Kisha akamwona Nesi mlangoni, na sauti ikashuka. "Shemeji. Wamempata?"

"Hawajampata," Nesi alisema.

"Ngoja nje kidogo, binti," Inspekta alimwambia, akafunga mlango. Akakaa. Kiti kikalia. "Mmefanya kazi pamoja muda mrefu?"

"Tangu tukiwa vijana wa kubeba mizigo ya wengine. Yule ni kaka yangu, tumetofautiana matumbo tu."

"Alikwambia lini kuhusu hapo mahali?"

"Wiki iliyopita. Alikaa hapo hapo ulipokaa."

"Alisemaje?"

"Kilima cha juu ya machimbo. Kijiji cha watu wa zamani, ukuta, kisima."

"Wewe umefika?"

"Mimi? Miguu yangu ni ya mezani, Inspekta. Yeye anatembea, mimi nachora."

"Hujawahi kufika."

"Sijawahi."

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Tumbo la kuendesha."

"Nani alikuona?"

"Tumbo la kuendesha halitaki mashahidi."

Inspekta hakucheka wala hakukasirika. Akavuta karatasi nyeupe kutoka kwenye rundo, akaiweka mbele yake.

"Vijana wangu wanazunguka kama kuku. Nichoree alivyokueleza. Ukuta uko wapi, kisima kiko wapi. Nikawaonyeshe."

"Ah, kwa maneno tu hivi..."

"Kwa maneno tu. Saa zinakwenda, ndugu yangu."

Wino akakaa. Alishika penseli, akaiacha, akachukua nyingine. Alipoanza, mabega yalishuka na mkono ukaenda wenyewe, bila kusita, kama mkono wa mama anayesuka nywele za mtoto huku anaongea na jirani. Mshale wa kaskazini kwanza. Ukuta. Halafu vijistari vifupi vingi, vinene kichwani, vyembamba mkiani, mithili ya viluwiluwi wanaoogelea upande mmoja. Mwisho akachora duara la kisima. Nusu ya duara ilikuwa mstari mzima. Nusu ya pili aliikatakata, kistari, nafasi, kistari, nafasi.

"Hivyo," alisema, akapuliza vumbi la penseli.

"Ahsante. Usitoke humu."

"Niende wapi, Inspekta? Ndugu yangu amepotea."

*

Chumba cha mkurugenzi kilikuwa upande wa pili wa ukumbi. Mkurugenzi alikuwa mwanamke mrefu, miwani shingoni kwa mkufu, na alianza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Nimeshamwambia mkuu wako wa kituo. Kama mpimaji wangu aliuza siri, aliuza peke yake. Ofisi hii ni safi."

"Sijaja kuifagia, mama. Naomba unisomee hii aliyoichora Wino. Mimi nasoma alama za vidole, hizi zenu sizijui."

Mkurugenzi akavaa miwani. "Hivi vijistari ni mteremko. Kichwa kinene ni juu, mkia ni chini. Hapa ardhi inateremka upande wa jua linapochomoza, mpaka kwenye korongo, hili hapa."

"Nimetoka kwenye kilima chenyewe. Kinateremka upande wa machweo. Korongo hakuna."

"Basi alisikia vibaya. Maneno ya mdomo ndivyo yalivyo."

"Inawezekana. Na kwa nini hapa kwenye kisima mstari ni mzima, halafu hapa umekatika?"

"Hiyo ni kanuni." Mkurugenzi alikaa vizuri, sasa yuko nyumbani kwake. "Mstari mzima ni kitu kilichoonekana kwa macho. Wa kukatika ni kitu cha kukisia. Ukuta ukiingia chini ya udongo, tunaukata. Kitu ulichosimuliwa tu, unakikata. Sisi hatuchori uongo, Inspekta. Mchoraji akipiga mstari mzima kwa kitu kisichoonekana, hana kazi hapa. Hata mwanafunzi wa kwanza..."

Akaisogeza karatasi karibu na dirisha.

"Hii ameichora lini?"

"Sasa hivi, mbele yangu."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye maneno aliyoambiwa. Amesema hajawahi kufika. Amesema mara mbili."

Mkurugenzi akavua miwani, akaiachia ikaning'inia. Kwa muda alionekana mtu asiye na ofisi.

"Basi yote ingekuwa ya kukatika," alisema taratibu. "Yote. Huu mdomo wa kisima, nusu yake ameiona. Nusu ya pili ilikuwa imefunikwa na kichaka, hakuiona, ndiyo maana kaikata. Kitu kama hiki hakisimuliwi. Hakuna anayemwambia mwenzake nusu gani ya kisima imefunikwa na majani."

"Hakujua kwamba unaweza kuisoma?"

"Hakufikiri. Mkono ule tumeufundisha sisi wenyewe. Haujui njia nyingine."

"Ni wapi hapa, mama? Korongo mashariki, udongo mwekundu."

"Makorongo ya hivyo ni mengi kama mbu." Alikuwa tayari amefungua kabati la ramani, anavuta karatasi moja, anaitupa, anavuta nyingine. "Kama aliambiwa mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe ndiye huyo..."

Simu ya Inspekta ikalia. Sajini.

"Shangazi, tumeamriwa tupande magari. Mkuu kaja mwenyewe. Mbwa ameshapanda."

"Una kamba ndefu?"

"Ninayo ya kuvutia gari."

"Panda gari, lakini usirudi kituoni. Njoo hapa Mambo ya Kale."

"Mkuu atauliza."

"Mwambie gari linachemka."

"Halichemki."

"Lichemshe, Sajini!"

*

Aliporudi kwa Wino alimwingiza Nesi, na hakumwambia atoke tena. Akaiweka karatasi mezani, akabonyeza kidole kwenye ile nusu duara.

"Kiko wapi kisima hiki?"

"Nimekwambia..."

"Mstari mzima ni kilichoonekana. Macho ya nani yaliona?"

Wino alitazama kidole, akatazama mstari, na ilikuwa dhahiri kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Ni mazoea tu ya mkono, Inspekta. Mkono umezoea."

"Pikipiki ina tope jekundu. Kilima chako ni cheupe. Uliiendesha wewe mpaka machimboni."

"Nataka wakili."

"Utampata. Kiko wapi kisima?"

"Sisemi kitu bila wakili."

Inspekta alikuwa amewabana wezi wengi, na alikijua kile kidevu kinachofungwa. Kidevu cha hivyo hufunguka kesho, au keshokutwa. Hakuwa na kesho. Akafungua mdomo apige kelele, na Nesi akamgusa mkono.

Nesi akavuta kiti, akakaa mkabala na Wino, magoti yanakaribia kugusana. Aliongea kwa sauti ya wodini, ile ya kumweleza mgonjwa dawa zake.

"Wino, unajua mtu anakufaje kwa kiu?"

"Shemeji, tafadhali."

"Kwanza mate yanakuwa kama gundi. Halafu ulimi unavimba, kumeza inakuwa shida. Mkojo unakuwa kama chai ya rangi, baadaye haupo kabisa. Kichwa kinauma mpaka anaona watu. Anaongea nao. Wewe ulikula kwangu sikukuu zote, ulimbeba mwanangu wa kwanza akakukojolea shati jipya. Atakuwa anaongea na wewe huko. Halafu damu inakuwa nzito, moyo unasukuma, unasukuma, kama mtu anayesukuma gari bovu mlimani, na..."

"Kuna maji!" Wino alipiga kelele. "Kuna maji chini! Nilisikia!"

Nje mtu alikuwa akifagia ukumbi, ufagio ukakwaruza, ukasimama.

"Ulisikia nini?" Inspekta aliuliza.

"Alipodondoka." Wino alificha uso kwa vidole vyake vyeusi. "Maji yalilia. Kwa hiyo kiu hana. Kiu hana, shemeji, nakuapia."

Nesi hakusogea. "Ulimsukuma?"

"Sikumgusa. Mungu shahidi, sikumgusa hata nguo."

"Eleza," Inspekta alisema. "Haraka."

"Tulikwenda pamoja. Tukakuta ukuta umenyofolewa, mawe ya nakshi yamebebwa, alama za tindo bado mbichi. Kaka akakaa chini kama aliyefiwa. Akasema, Wino, tunaopajua hapa ni wawili tu. Wewe nakujua, basi ni mimi niliyeropoka mahali. Kesho nakwenda polisi kujisema." Alivuta pumzi. "Alijishuku mwenyewe, Inspekta. Mimi hakunifikiria hata kidogo. Na ni mimi niliyewaonyesha wale watu. Hapo, na yale magofu mengine mawili. Nikaona polisi watamuuliza, huyo wa pili ni nani?"

"Endelea."

"Akasema kwanza tupime uharibifu. Kazi ya tepu ya kupimia ni ya watu wawili. Mmoja anashika mwanzo, tunaita kushika sifuri. Mwenzake anarudi kinyumenyume anaivuta, macho kwenye namba, nyuma haoni. Aliyeshika sifuri ndiye macho yake. Kuna jiwe, unamwambia jiwe. Kuna shimo, unamwambia simama. Maisha yetu yote tumefanya hivyo. Nilishika sifuri. Akawa anarudi, anarudi, na mimi nakiona kisima nyuma yake, nusu kimefunikwa..."

"Na wewe?"

"Nilinyamaza."

Nesi alinyanyuka. Inspekta alidhani atampiga, akajiweka tayari asimzuie upesi. Lakini Nesi aliokota mkoba wake.

"Uko wapi huo udongo mwekundu?" alisema. "Simama utuonyeshe."

*

Palikuwa nyuma ya bwawa lililokauka, upande wa pili kabisa wa mji. Gari la Sajini liliongoza likiruka makorongo, Wino akiwa katikati ya askari wawili kwenye kiti cha nyuma, pingu mikononi, akielekeza kwa kidevu. Mkuu wa kituo alikuwa akiita redioni. Inspekta aliifunga.

Kabla gari halijasimama vizuri alikiona kigingi, msumari wake unametameta kichwani. Kutoka hapo majani yalikuwa yamelazwa na viatu vya watu wawili. Tepu ya njano ilikuwa bado imelala pale pale, imenyooka juu ya udongo mwekundu, ikapita chini ya kichaka, ikazama.

Nesi alilala kifudifudi ukingoni. Mawe ya mdomo wa kisima yalikuwa yamelegea, na askari mmoja akamshika miguu bila kuombwa.

"Baba Watoto!"

Kisima kilimrudishia sauti yake mwenyewe.

"Baba Watoto! Ni mimi!"

Sajini alikuwa ameshafunga kamba kwenye ndoano ya gari, anavua buti. Askari mwingine alimulika tochi, mwanga ukaishia kwenye majani yaliyoota ukutani. Harufu ya maji yaliyooza ilipanda. Inspekta alitazama pembeni, kwenye ukuta ulionyofolewa, kwa sababu hakutaka kuutazama mgongo wa yule mwanamke.

"Baba..." Nesi aliita tena, na safari hii sauti ilipasuka katikati.

Ndipo kitu kikakwaruza chini. Kama jiwe juu ya jiwe.

"Wino?"

Wote walisikia. Sauti ilikuwa nyembamba na kavu.

"Wino, umerudi?"

Askari wakamgeukia Wino. Hata mbwa alisimamisha masikio.

"Nilijua," sauti ilisema, ikapumzika, ikarudi. "Nilisikia unakimbia. Nikajua unakwenda kuita watu. Nikajiambia, Wino atakuja, usilale. Mguu umevunjika, Wino. Kila nikitaka kulala najiambia, usilale, atakuta umelala."

Sajini akageuza uso. Nesi alijivuta nyuma, akajiinua kwa viganja, udongo mwekundu mpaka viwikoni. Alimwendea Wino pale alipokuwa amesimama na askari wake, akamshika kifua cha shati.

"Mjibu."

"Shemeji, siwezi."

"Ameitwa na mkewe mara tatu, hakuitika. Amekuita wewe." Alisema polepole, kwa meno. "Ile sauti naijua, naisikia wodini. Ni mtu anayening'inia kwenye uzi mmoja, na uzi wenyewe ni wewe, mshenzi mkubwa. Akijua sasa hivi, anaachia. Mjibu kama anavyokujua."

Wino alimtazama Inspekta, kama aombaye amri ya kisheria ya kukataa. Inspekta alishika mnyororo wa pingu, akamvuta mpaka ukingoni, akampigisha magoti.

"Kaka," Wino alisema. Ilitoka kama kikohozi. Akajaribu tena. "Kaka, nipo."

"Ahaa. Umechelewa."

"Nimechelewa, kaka. Nisamehe."

"Ulipata watu?"

"Nimepata. Wengi. Na shemeji yupo."

"Kwa nini umemleta? Atanigombeza."

Sajini alikaa ukingoni, kamba kiunoni, pande la mtu juu ya tundu dogo. "Mkinidondosha," aliwaambia askari, "nitawasumbua ndotoni," kisha akashuka, mawe madogo yakimtangulia. Maji yalilia chini. Nesi alitoa chupa, akavunja kizibo, akasubiri amepiga magoti, jicho halibanduki kwenye kamba.

Kamba ilitikisika, ikalegea. Wino alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa jiwe, na hakuwa anasema kitu tena. Toka kisimani sauti iliita, ndogo kuliko mwanzo.

"Wino? Uko wapi?"

Nesi hakugeuka.

"Usinyamaze," alisema. "Ongea naye mpaka atoke."

Inspekta alikaza mkono kwenye mnyororo. Wino akanyanyua uso wenye udongo, akainama juu ya giza, akaanza kumwambia mwenzake kila alichokiona: kamba inakuja kushoto kwako, kaka, jiwe liko juu ya kichwa, polepole, kuna mtu anakushika, usimwachie, nakuona, kaka, nakuona.